Edwin Rowland Moon: Rubani Aliyepotea Rufiji



Kila mwaka tarehe 6 Januari Kanisa letu huadhimisha Sikukuu ya Epifania. Siku hiyo twawakumbuka Mamajusi waliosafiri kutoka mbali wakiongozwa na nyota, na ambao iliwabidi kurudi kwao kwa njia nyingine. Tarehe hiyohiyo katika mwaka 1917, siku ya Jumamosi, maofisa wawili wa Kiingereza waliruka asubuhi kwa ndege ya majini, wakaenda kupeleleza delta ya Mto Rufiji. Wao pia hawakurudi kwa njia waliyoijia. Mmoja alifariki baharini siku ya nne. Wa pili alifika nchi kavu akiwa hoi, akakamatwa, akakaa kifungoni zaidi ya miezi kumi. Baadaye alirudi kwao salama, na miaka mitatu na ushei baada ya mkasa ule wa Rufiji akafa katika ajali ya ndege, wakati ambapo hapakuwa tena na vita wala adui.

Huyu wa pili ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake. Jina lake ni Edwin Rowland Moon. Wengi wetu tulisoma shuleni habari za manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha Rufiji, lakini ni wachache waliowahi kulisikia jina la rubani huyu. Kwao Southampton anakumbukwa mpaka leo. Nasi tunayo sababu ya kumjua, maana jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake lilitendeka katika maji ya nchi yetu.

KIJANA WA SOUTHAMPTON

Moon alizaliwa tarehe 8 Juni 1886 katika mji wa Southampton, bandari kubwa ya kusini mwa Uingereza. Alikuwa kijana wa miaka 17 wakati ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliporuka kwa mara ya kwanza kwa ndege yenye injini mwezi Desemba 1903. Alikuwa na miaka 23 wakati Mfaransa Louis Blériot alipovuka kwa ndege mlango wa bahari kutoka Ufaransa mpaka Uingereza mwezi Julai 1909. Vijana wengi wa siku hizo walizisoma habari hizo magazetini, wakastaajabu, kisha wakaendelea na kazi zao. Moon hakutosheka na kustaajabu. Alitaka kuunda ndege yake mwenyewe.

Karibu na gati la Southampton pana jengo la mawe la kale sana, lililojengwa katika karne ya 14, ambalo zamani lilikuwa ghala la sufu. Katika karne ya 18 jengo hilo lilitumika kuwafungia mateka wa vita. Humo ndimo Moon alimofanyia kazi. Akaunda ndege ndogo kwa mbao, waya na kitambaa, kama zilivyokuwa ndege zote za wakati ule. Aliipa jina la Moonbeam, yaani mwali wa mwezi, maana jina lake la ukoo, Moon, ndilo mwezi kwa Kiingereza. Kisha akaunda ya pili. Nadhani hakuna aliyewaza wakati huo kwamba kijana huyu aliyekuwa akipiga randa katika gereza la zamani la mateka wa vita angekuja kuwa mateka wa vita yeye mwenyewe, tena katika nchi ya mbali.

Mwaka 1910 aliipeleka ndege yake katika malisho ya shamba la North Stoneham, nje kidogo ya mji, akairusha huko. Tusidhani kwamba aliruka kama ndege zirukavyo leo. Siku zile ndege kuinuka juu ya majani, kwenda mbele kidogo na kushuka bila kuvunjika lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mahali pale alipojaribia ndipo palipo na kiwanja cha ndege cha Southampton hivi leo, na ndipo iliporuka kwa mara ya kwanza ndege maarufu ya vita, Spitfire, mwezi Machi 1936. Kwa hiyo watu wa Southampton wanapotaja mwanzo wa urukaji katika mji wao, humtaja Moon.

VITA VYAFIKA RUFIJI

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Moon alijiunga na kikosi cha ndege cha jeshi la wanamaji la Uingereza. Baada ya muda akaletwa upande wetu wa dunia.

Yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa. Nchi yetu ilikuwa koloni la Wajerumani, na Waingereza waliishambulia ili waitwae. Wenyeji hawakuulizwa. Mataifa mawili ya ng'ambo yaligombana, na mashamba yaliyokanyagwa yalikuwa yetu. Mwezi Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikaingia kujificha katika delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 iliangamizwa humo kwa mizinga ya meli mbili, Severn na Mersey. Ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizowaonyesha wapiga mizinga mahali makombora yao yalipoangukia. Tangu hapo Waingereza walijua kwamba katika delta ile mtu asiye na ndege ni kama kipofu.

Wale walioiona delta ya Rufiji hawahitaji kuelezwa. Mto unagawanyika katika matawi mengi kabla ya kuingia baharini, na kati ya matawi hayo kuna vijito visivyo na hesabu. Mikoko imesongamana kando ya maji, mizizi yake imeshikana kama vidole, na chini yake ni tope. Maji yakijaa, njia hufunikwa. Yakipwa, mashua hukwama. Mwenyeji huijua njia yake kwa kuzoea tangu utoto. Mgeni akipotea humo hana alama ya kumwongoza.

Mwanzoni mwa mwaka 1917 Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa Dar es Salaam, lakini Wajerumani walikuwa bado wako upande wa Rufiji, na mapigano yalikuwa makali. Tarehe 4 Januari, siku mbili tu kabla ya safari ya Moon, mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, akiwa na umri wa miaka 65.

SIKU NNE KATIKA MIKOKO

Asubuhi ya tarehe 6 Januari, Moon aliruka akiwa rubani. Pamoja naye alikuwamo Kamanda Richard Bridgeman, mwana wa lodi wa Kiingereza, Earl wa Bradford. Kazi ya Bridgeman ilikuwa kutazama chini na kuandika aliyoyaona. Walipokuwa juu ya delta, injini ikaharibika. Ndege yao ilikuwa ya majini, kwa hiyo Moon aliweza kuishusha katika kijito kimoja. Lakini haikuweza kuruka tena, na adui alikuwa karibu. Iliwabidi kuiharibu wenyewe ili isije ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Ndugu msomaji, hebu fikiri: mtu aliyetumia ujana wake kuunda ndege kwa mikono yake, sasa analazimika kuiangamiza ndege kwa mikono hiyohiyo.

Baada ya hapo walianza kutafuta njia ya kurudi melini. Kichaka cha ukingoni hakikupitika, kwa hiyo kila mara iliwabidi kuogelea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo ilipokuwa taabu kubwa, maana Bridgeman hakuwa mwogeleaji hodari. Chakula chao na kinywaji chao vilikuwa nazi, na zaidi ya hizo karibu hawakupata kitu.

Tarehe 7 waliunda chelezo kwa nguzo tatu na fremu za madirisha ya kimiani. Nimelifikiria sana jambo hili. Minazi haijipandi yenyewe kwa safu, wala madirisha hayaoti mwituni. Kila kitu kilichowasaidia watu wale kilikuwa kazi ya mikono ya wenyeji au wakazi wengine wa delta, ambao majina yao hayakuandikwa popote katika habari hii. Mtu hupanda mnazi kwa ajili ya watoto wake, naye hajui ni nani atakayeokolewa na dafu lake.

Kutwa ya tarehe 7 na kutwa ya tarehe 8 walikuwa juu ya chelezo hicho, mara wakipiga makasia, mara wakichukuliwa na maji. Asubuhi ya tarehe 9 maji yaliwatoa mtoni yakawapeleka bahari kuu. Huko, juani na mawimbini, nguvu za Bridgeman zilikwisha. Moon alijitahidi kwa kila njia kumwokoa mwenzake, lakini hakufaulu. Kamanda Bridgeman alikufa kwa uchovu na kwa kupigwa na jua, upepo na maji siku ile, akiwa na umri wa miaka 37. Jioni jioni Moon alifaulu kufika pwani akiwa peke yake, na hapo Wajerumani wakamkamata.

Wazee wetu walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Moon alikuwa kijana na alikuwa na nguvu kuliko mwenzake. Angeweza kufanya hesabu moja rahisi: peke yangu nitavuka upesi. Katika vita, na katika njaa, na katika maji mengi, watu wengi wameifanya hesabu hiyo, wala sisi tuliokaa barazani tusiharakishe kuwahukumu. Yeye hakuifanya. Siku zile zote alikwenda kwa mwendo wa yule aliyekuwa dhaifu.

KIFUNGONI

Moon alikaa mikononi mwa Wajerumani tangu tarehe 9 Januari mpaka tarehe 21 Novemba 1917. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa taabu kuu katika sehemu za kusini. Jeshi la Kijerumani lilikuwa likirudi nyuma kuelekea Mto Ruvuma, na majeshi ya pande zote mbili yalichukua chakula cha wananchi. Siku nne baada ya Moon kuachiliwa, tarehe 25 Novemba, Jenerali von Lettow-Vorbeck na jeshi lake walivuka Ruvuma wakaingia Msumbiji.

Hapa lazima niseme neno juu ya wapagazi. Katika vita ile maelfu kwa maelfu ya Waafrika walibeba mizigo ya majeshi, wakafa kwa njaa, kwa kuhara na kwa malaria, wengi wao bila kaburi lenye jina. Kanisa letu lina habari moja ya kujivunia katika jambo hili. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliunda kikosi cha wapagazi, naye mwenyewe akatembea pamoja nao kwa miguu, ili wasitendewe kama wanyama. Askofu yule na rubani huyu walikuwa watu wa namna mbili tofauti. Lakini katika jambo moja walifanana: kila mmoja, katikati ya vita, alimtazama mtu aliyekuwa karibu naye kabla ya kuitazama nafsi yake.

Baada ya kuachiliwa kwake, Moon alipewa nishani ya DSO, ambayo ni miongoni mwa nishani kubwa za maofisa wa Kiingereza. Maelezo ya nishani hiyo hayakusema kwamba aliua maadui kadha wa kadha. Yalieleza habari za siku zile katika delta, na kuusifu ushujaa wake katika kujaribu kuyaokoa maisha ya mwenzake. Angalieni vizuri: alisifiwa kwa jambo ambalo hakufaulu kulitimiza. Bridgeman alikufa. Lakini hata jeshi, ambalo kwa kawaida huhesabu ushindi tu, lilikiri kwamba kujaribu kule kulistahili heshima.

FELIXSTOWE

Mwaka 1918 vikosi vya ndege vya jeshi la nchi kavu na vya wanamaji viliunganishwa kuwa jeshi moja la anga. Vita ikaisha mwezi Novemba mwaka ule. Marubani wengi walivua sare wakarudi makwao. Moon alibaki kazini, akapanda cheo hata akawa Squadron Leader. Alikuwa kwenye kituo cha Felixstowe, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza unaotazamana na Bahari ya Kaskazini, ambako ndege za majini zilijaribiwa na kurushwa.

Ndege za huko zilikuwa za namna ya pekee. Ndege ya majini ya kawaida hukaa juu ya maboya mawili yaliyofungwa chini yake mahali pa magurudumu. Lakini nyingi za Felixstowe zilikuwa zile ambazo Waingereza huziita mashua za kuruka. Hizi hazina maboya ya namna hiyo. Tumbo la ndege lenyewe ndilo mashua, lina mkuku na ubao, nalo hukaa majini kama ngalawa. Zilikuwa kubwa kwa siku zile, zenye mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, na injini mbili. Kuzirusha kulihitaji mtu ajuaye mambo ya bahari na mambo ya anga pamoja. Kwa kijana wa bandarini aliyeunda ndege, kazi hiyo ilimfaa kabisa.

Siku ya Alhamisi, tarehe 29 Aprili 1920, siku 25 baada ya Pasaka ya mwaka ule, Moon alikufa katika ajali ya mashua ya kuruka huko Felixstowe. Alikuwa na umri wa miaka 33; zilibaki wiki chache tu atimize 34. Alizikwa kwao Southampton, katika mji alikozaliwa na alikoinua ndege yake ya kwanza.

SWALI LILILO GUMU

Mtu akisoma habari hii hawezi kuacha kuuliza. Mungu alimtoa mtu huyu katika mikoko, akamtoa baharini, akamtoa katika kifungo na homa, akamrudisha nyumbani. Je, ni kwa nini basi afe katika siku ya kazi ya kawaida, karibu na nyumbani, katika amani?

Sisi wenyewe tuna desturi ya kusema juu ya mtu aliyenusurika kwamba siku yake ilikuwa bado, au kwamba Mungu ana kazi maalum naye. Maneno haya hufariji, lakini yana hatari. Maana mtu yule akifa baadaye katika ajali ya basi, au mashua yake ikipinduka, tutasemaje? Je, kazi ya Mungu imeshindwa? Na tutamwambia nini mjane wa yule ambaye hakunusurika hata mara ya kwanza? Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu alitaja habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Alikataa kabisa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Wala hakueleza kwa nini mnara ule uliwaangukia wao. Badala yake aliwageuzia swali wale waliokuwa wakimsikiliza, ili kila mmoja aangalie maisha yake na kutubu maadamu ana nafasi.

Nami naona kwamba hilo ndilo jibu linalotufaa. Hatukupewa kujua kwa nini Moon aliongezewa miaka mitatu wala kwa nini haikuongezwa zaidi. Tunachojua ni alivyoitumia. Alirudi kwenye kazi yake, kazi ya hatari, bila watu wa kumshangilia. Kufa vitani hujengewa minara katikati ya miji. Kufa kazini wakati wa amani husahauliwa upesi. Lakini usalama wa wasafiri wa leo ulinunuliwa kwa sehemu na watu kama hawa, waliojifunza kwa hatari kubwa jinsi ya kuruka na kutua.

Ushahidi wake tuliuona huku kwetu. Tangu mwaka 1937 mashua kubwa za kuruka zilianza kusafiri kutoka Southampton, mji wa Moon, zikipita Misri na Sudan, kisha Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, mpaka Durban. Zilichukua barua na abiria. Zilitua katika bandari ya Dar es Salaam, na watu wakaenda pwani kuzitazama. Zilipoondoka hapo kwenda Lindi, zilifuata pwani ileile iliyo na delta ya Rufiji, miaka 20 tu baada ya wale wawili kuchukuliwa na maji juu ya chelezo chao.

Ndugu zangu, katika usharika wetu wamo wavuvi, wamo madereva, wamo mafundi wapandao juu ya majengo, wamo wauguzi wanaokesha na wagonjwa wa kuambukiza. Kila asubuhi wanatoka nyumbani kwenda kwenye kazi ambayo yaweza kuwadhuru, wala hakuna anayewaita mashujaa. Tuwakumbuke katika sala zetu wakiwa hai, tusingoje matanga. Na kila mmoja wetu ajiulize: yule dhaifu niliyepewa kusafiri naye, awe mzazi mzee, au mgonjwa, au jirani aliyeanguka, je, nakwenda kwa mwendo wake, au nimekwisha kumwacha ukingoni?

Tutakapokusanyika tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, tumtaje pia Edwin Moon na mwenzake Richard Bridgeman, na wapagazi wetu wasiojulikana majina, na wote waliopotea katika maji ya Rufiji na ya bahari yetu. Mwenyezi Mungu, ambaye kwake hakuna aliyepotea, awapokee wote katika nuru yake. Amina.